Amekata au Imekatika?

Baba yangu alikuwa opereta wa simu. Sisemi hawa wa huduma kwa wateja wanaokuwekea muziki dakika ishirini. Nasema opereta wa ubao, enzi ya Posta na Simu, katika mji mdogo kando ya reli. Ubao wenyewe, anavyosimulia, ulikuwa na ukubwa wa kabati la vyombo: matundu safu kwa safu, jozi za nyaya zenye ncha za shaba, na taa ndogo kama punje za mahindi. Ukitaka kuongea na mtu wa Mombasa unainua mkono wa simu, taa inawaka kwake, anachomeka waya mmoja kwako na mwingine kwenye laini ya Mombasa. Mnaongea.

Kila waya ulikuwa na taa yake. Mtu akirudisha mkono wa simu mahali pake, taa ya upande wake inawaka. Zikiwaka zote mbili, wamemaliza, chomoa. Lakini ikiwaka moja tu?

"Huchomoi," baba huniambia. "Pengine mtoto amegusa simu. Pengine waya umelegea. Unaingia kwenye laini, unauliza: mmemaliza?"

Nimeisikia hadithi hiyo tangu nikiwa mdogo na sikuona maana yake mpaka mwaka 2015, nilipopoteza kodi ya miezi miwili kwa sababu kompyuta moja huko Frankfurt haikuuliza swali hilo.

Nilikuwa nakaa Zimmerman, keja ya chumba kimoja, na nilikuwa nimepata kazi ya mtandaoni ambayo kwa mara ya kwanza ilikuwa na doo ya maana. Mteja wa ng'ambo alikuwa na picha za kurasa za magazeti ya zamani, zaidi ya laki mbili, na alitaka zigeuzwe maandishi ambayo mtu anaweza kutafuta neno ndani yake. Picha zilikuwa kwenye seva Frankfurt. Kazi yangu ilikuwa kuandika programu ndogo ya kuzipitia moja baada ya nyingine, kisha kuiacha ichape kazi. Nikapiga hesabu: saa 31. Ijumaa jioni nikaingia kwenye seva kwa SSH, nikaandika amri, nikabonyeza Enter, nikatazama namba zikipanda. Usiku nililala nimeiacha laptopu wazi juu ya stuli, kama mtu anayelala kando ya mgonjwa.

Jumamosi usiku, saa ya 26, stima ikapotea. Laptopu ilikuwa na betri, rauta haikuwa nayo. Stima iliporudi, nikabonyeza kibodi. Kimya. Nikabonyeza tena, na baada ya muda yakatokea yale maneno mawili ya Kiingereza yanayosema bomba limevunjika. Nikaingia upya kwenye seva. Programu haikuwepo. Matokeo pia hayakuwepo, kwa sababu (hili ni kosa langu, sikatai) nilikuwa nimepanga yahifadhiwe yote kwa pamoja mwishoni.

Kilichoniuma ni hiki. Stima ilipotea Zimmerman. Kompyuta iliyokuwa ikifanya kazi ilikuwa Ujerumani, na stima yake, na jenereta zake, na intaneti yake. Hakuna kilichoipata. Programu ilikufa kwa sababu mimi, kilomita elfu sita na kitu kutoka hapo, nilinyamaza. Tarehe ya mwisho ilikuwa Jumapili. Mteja akatafuta mtu mwingine.

Kiswahili kina kitu kizuri hapa ambacho wengi wetu tunakitumia bila kukiwazia. Tunasema mtu *amekata* simu, na tunasema simu *imekatika*. Tofauti ni silabi moja tu, lakini ukikosea unaanzisha ugomvi. "Mbona ulinikatia?" ni shtaka. "Ilikatika" ni kulaumu mtandao, na mazungumzo yanaendelea palepale yalipoachwa. Kompyuta ile ya Frankfurt haikuwa na silabi hiyo. Ilisikia kimya ikaamua nimekata. Na nilipoanza kuchimba nani aliifundisha hivyo, nikajikuta kwenye simu za mezani, kazini kwa baba.

Twende nyuma hadi 1963, mwaka ilipotoka mashine iliyoitwa Teletype Model 33. Ifikirie kama taipureta kubwa yenye kelele nyingi, inayochapa herufi kumi kwa sekunde juu ya karatasi. Hiyo ndiyo ilikuwa terminali ya watu wengi. Hata leo, ukifungua terminali kwenye Mac au Linux ukaandika *tty*, kompyuta inakutajia jina la kifaa unachotumia, na hilo neno tty ni kifupi cha Teletype, ingawa hakuna karatasi wala wino nyumba nzima.

Teletype ikiwa mbali na kompyuta, uliziunganisha kwa simu ya kawaida. Modemu iligeuza herufi kuwa milio, na modemu ya upande wa pili ikageuza milio kuwa herufi tena, biti 300 kwa sekunde ukibahatika. Simu ikiwa hewani, kila upande unasikia mlio wa mwenzake mfululizo. Ukirudisha mkono wa simu, mlio unanyamaza, na modemu ya kule inaiarifu kompyuta kupitia waya mmoja uliotengwa kwa kazi hiyo tu. Mlio umepotea. Waya huo ndio taa ya baba.

Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kuunda Unix mwaka 1969 huko Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu ya Marekani, AT&T. Kwa hiyo si ajabu kwamba mfumo wao ulifikiri kisimu. Ikija habari kwamba mlio umepotea, kiini cha mfumo kinatuma ishara kwa programu zilizoanzishwa kwenye laini ile. Ni ishara namba 1 katika orodha nzima, inaitwa SIGHUP, na herufi tatu za mwisho ni kifupi cha maneno ya Kiingereza ya kukata simu. Programu ambayo haikujipanga kuipokea, inakufa hapo hapo.

Mara ya kwanza kuelewa hivyo nilikasirika. Manze, yaani nimelala njaa kwa sababu ya tabia ya simu ya mezani ya miaka ya 1970? Lakini ukikaa na jambo lenyewe unaona walikuwa na sababu. Laini za kupigia kompyuta zilikuwa chache na kila mtu alizigombania. Kama programu yako ingebaki imeshikilia laini baada ya wewe kuondoka, atakayepiga namba ile baada yako angejikuta ndani ya kazi yako, na ruhusa zako zote, kama mtu aliyekodishwa nyumba kabla mpangaji wa kwanza hajahama. Kuua kulikuwa ni kufunga mlango. Na kwa mtu aliyekuwa New Jersey, akipiga simu ya hapo hapo mtaani, kudhani kwamba mlio ukipotea basi mwenyewe amekata ilikuwa dhana nzuri tu. Mara nyingi ilikuwa kweli.

Ila haikuwa njia pekee. Wakati uleule, kwenye kompyuta kubwa za PDP-10, kulikuwa na mifumo iliyofikiri tofauti. Kampuni ya BBN, Massachusetts, iliunda mfumo ulioitwa TENEX, na DEC wakauchukua na kuutoa kama TOPS-20 mwaka 1976. Humo mlikuwa na amri mbili, DETACH na ATTACH: ya kwanza inabandua kazi yako kwenye terminali, ya pili inaibandika tena, hata kama umekaa kwenye terminali nyingine kabisa. Na kwenye TOPS-20, laini ikipotea yenyewe, kazi ilibanduliwa ikangoja, angalau kwa muda. Ukipiga tena unaikuta. Yaani walikuwa na -ik- yao tayari. Halafu PDP-10 zikaishia, Unix ikashinda, na tabia ya Unix ndiyo iliyorithiwa na seva nyingi tunazozitumia leo. Historia ya kompyuta imejaa mambo kama hayo, ya kitu kujulikana vizuri kisha kupotezwa na watu wakatumia miaka kumi kukivumbua upya.

Unix ilipata kiraka mapema, amri iitwayo nohup, ambayo bado iko kwenye mashine yako. Ukiiweka mbele ya amri nyingine, programu inazibwa masikio: SIGHUP ikija haisikii. Yale ambayo ingeandika kwenye skrini yanakwenda kwenye faili la nohup.out. Kama ningeijua Ijumaa ile ningelipa kodi. Lakini nohup ina ukatili wake. Programu inabaki hai ila huwezi tena kuongea nayo. Ikikuuliza "niendelee, ndiyo au la?" hakuna wa kujibu. Ni kama mtu uliyemwachia ujumbe akaenda safari bila simu.

Waliofika mbali zaidi walikuwa Wajerumani wawili wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin, Oliver Laumann na Carsten Bormann. Mwaka 1987 walitoa programu inayoitwa screen. Shida waliyotaka kutatua mwanzoni ilikuwa ya kawaida tu: mtu ana terminali moja, anataka kufanya kazi tatu kwa wakati mmoja, na hana madirisha ya kufungua. Lakini dawa yao ilikuja kuponya ugonjwa wetu pia.

Unix ya Berkeley ilikuwa tayari na kitu kinachoitwa terminali bandia, yaani terminali isiyo na mashine yoyote nyuma yake ila programu nyingine inayojifanya mashine. Screen inakaa ndani ya seva kama soja wa ploti. Programu yako inaongea na soja, ikidhani ndiye Teletype yake. Wewe nawe unaongea na soja kupitia laini yako mbovu. Laini ikikatika, SIGHUP inamkuta yule mjumbe mdogo aliyesimama getini, na soja mwenyewe hata hageuki. Programu haijui chochote. Haina hata njia ya kujua, kwa sababu terminali yake iko chumba hichohicho na haijawahi kukatika. Ukirudi, unaandika *screen -r*, soja anakuonyesha skrini ilivyo, na kama programu ilikuwa ikikuuliza ndiyo au la, swali bado liko pale linakungoja.

Mwaka 2007 Nicholas Marriott aliandika nyingine ya aina hiyo, tmux, na tangu 2009 OpenBSD imekuja nayo ndani. Vijana wengi ninaowajua wanatumia hiyo. Kazi ni ileile: soja, geti, chumba. Watu hubishana ipi bora kwa ukali ambao sijawahi kuuelewa.

Kati ya hizo mbili ndipo ilipokuja SSH. Mwaka 1995 mtu alidukua mtandao wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki akawa ananasa nywila zilizokuwa zikipita bila kufichwa. Tatu Ylönen, mtafiti wa hapo, akaandika njia ya kuingia kompyuta ya mbali huku kila kitu kimefumbwa. Akaiomba namba ya mlango 22, katikati ya 21 ya kuhamisha mafaili na 23 ya Telnet, akapewa. SSH ilitatua suala la nani anasikiliza. Suala la laini kukatika ililiacha vilevile lilivyokuwa. Modemu haikuwepo tena, mlio haukuwepo, lakini muunganisho ukifa, seva inakunja terminali yako na SIGHUP inatumwa, kama vile mtu New Jersey ameweka simu chini.

Na kwetu, miaka hiyo, "ikikatika" lilikuwa jambo la kila siku. Kituo cha Longonot, pale Bonde la Ufa, kilifunguliwa mwaka 1970, na kwa karibu miaka arobaini mawasiliano yetu na dunia yalitegemea zaidi kupanda angani. Setilaiti za aina hiyo zinakaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Mwanga wenyewe, pamoja na mbio zake zote, unatumia kama robo sekunde kupanda na kushuka mara moja. Sasa kumbuka kwamba unapoandika kwenye terminali ya mbali, ile herufi unayoiona haitoki kwenye kibodi yako. Inakwenda kwanza mpaka kwenye seva, seva inairudisha, ndipo inaonekana. Kwa hiyo kila herufi inapanda, inashuka, inapanda, inashuka: nusu sekunde kabla hata hujahesabu foleni yoyote njiani. Waliofanya kazi hiyo wakati huo wananiambia walijifunza kuandika bila kuangalia skrini, kama anayeongea na mtu aliye ng'ambo ya bonde: sema yote, kisha ngoja.

Tarehe 23 Julai 2009 kebo ya SEACOM ikaanza kazi. Mwaka huohuo TEAMS, iliyotandazwa kutoka Fujairah kule Umoja wa Falme za Kiarabu, ikatua Mombasa, na mwaka 2010 ikafuata EASSy. Tukashuka kutoka angani tukaingia baharini. Kizazi changu kilidhani shida imeisha. Kumbe mwaka 2012 nanga ya meli ilikata TEAMS karibu na Mombasa, na hapo tukajua kwamba hata bahari ina watu wanaochomoa waya bila kuuliza.

Lakini laptopu yangu ilikuwa ikikatika hata kebo zote zikiwa nzima, na hili ndilo lililonichukua muda mrefu kulielewa. Nilikuwa nikienda kupika chai, nikirudi kikao kimekufa. Stima iko, waifai iko. Nini sasa?

TCP, kanuni inayobeba SSH, ni mvumilivu sana kwa asili yake. Pande mbili zikishaungana na kunyamaza, hakuna sheria inayosema muunganisho umekufa. Unaweza kuchomoa waya, ukakaa saa nzima, ukauchomeka, mkaendelea, mradi hakuna aliyejaribu kusema kitu katikati akakosa jibu kwa muda mrefu. Anayeua ni mtu wa tatu. Kwa sababu anwani za intaneti za aina ya zamani zilikwisha, kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Kuna kisanduku katikati chenye daftari: huyu anaongea na yule kupitia mlango huu. Daftari lina kurasa chache, kwa hiyo ukinyamaza sana, jina lako linafutwa. Hakuna anayeambiwa, si wewe wala seva. Kila mmoja anaendelea kuamini mwenzake yuko, mpaka mmoja aseme neno lipotelee hewani.

Dawa inayojulikana ni kupiga hodi kila baada ya muda. Kwenye mipangilio ya SSH kuna mstari unaoitwa ServerAliveInterval. Uweke 60, na kila dakika ya kimya laptopu yako itauliza "uko?" na seva itajibu "niko", hata kama hamna la kuzungumza. Jina linabaki daftarini. Nilipoligundua hilo nilifurahi nikaweka sekunde 15, nikijiona mjanja. Vikao vyangu vikaanza kufa zaidi.

Sababu ni kwamba hodi ina upande wa pili. SSH ikipiga hodi tatu bila jibu, inaamua mwenzake amekufa na inakata. Kwa sekunde 15, hiyo ni chini ya dakika moja ya mtandao mbovu, jambo ambalo ningelivuka bila kujua kama nisingeuliza. Waliotunga kanuni za intaneti waliliona hili mapema. Hati ya RFC 1122 ya mwaka 1989 inasema hodi za TCP lazima ziwe zimezimwa mpaka mtu aziwashe mwenyewe, na zikiwashwa, kimya cha kwanza kisipungue saa mbili. Waliogopa hasa hilo, kwamba kuuliza kwenyewe kunaweza kuua muunganisho mzuri uliokuwa umepatwa na kikohozi tu.

Hapa lazima niseme jambo la nyumbani. Wiki ile ile niliyopoteza kazi, baba alinipigia. Alikuwa ameshaambiwa na mama kuhusu kodi. Akaanza: rudi nyumbani, tafuta kazi inayoeleweka, mambo ya kuongea na kompyuta za Wazungu usiku si kazi ya mtu. Katikati ya sentensi simu ikakatika. Ilikatika, naapa, nilikuwa kwenye matatu pale chini ya daraja la Roysambu. Lakini sikumpigia tena. Nilikuwa na hasira, na ile nafasi ilikuwa tamu. Naye hakupiga, kwa sababu aliamini nimemkatia. Siku ikawa wiki. Ikawa miezi minne.

Nimefikiria mara nyingi: ni dakika ya ngapi hasa ambapo *imekatika* iligeuka ikawa *nimekata*? Si dakika ya kwanza. Pengine usiku ule, nilipoona simu iko juu ya meza na nina bando na dakika, nikalala. Kwa aliye upande wa pili kimya ni kilekile. Hana chombo cha kupimia nia. Ana saa tu.

Kilichotokea ni kwamba alinitumia ule ujumbe wa bure wa kuomba upigiwe, yeye mwenye pensheni na salio. Nikapiga. Akapokea na sauti yake ya kazini, ile ya ubaoni:

"Mmemaliza?"

"Bado, baba," nikasema. "Ilikatika."

"Najua. Niliona taa moja."

Turudi kwenye kompyuta. Mwaka 2012 Keith Winstein na Hari Balakrishnan wa MIT walichapisha mosh, na hiyo ndiyo ninayoitumia sasa. Waliacha kabisa kuulinda muunganisho. Mosh inatumia SSH mwanzoni tu, kukutambulisha na kuwasha mwenzake kwenye seva, kisha inaitupa. Kuanzia hapo pande mbili zinatumiana pakiti za UDP, ambazo hazina dhana ya kuungana wala kukatana. Kila pakiti imefumbwa na ina namba yake. Seva inaangalia tu pakiti halali ya karibuni imetoka wapi, na inajibu huko. Ukitoka waifai ya kazini ukaingia kwenye bando la simu, ukafunga laptopu, ukapanda gari la Voi, ukaifungua kesho yake, anwani yako imebadilika mara tatu na kikao hakijali. Kwa SSH, kubadilika kwa anwani peke yake kunatosha kukuua, kwa sababu TCP inautambua muunganisho kwa anwani na milango ya pande zote mbili.

Walifanya na jambo la pili, ambalo watu wa Longonot wangelipenda. Mosh inabahatisha. Unapobonyeza herufi, inaiandika kwenye skrini yako hapo hapo bila kungoja seva, na kama bado haina uhakika inaipigia mstari chini mpaka jibu lirudi. Walipoijaribu kwenye mtandao wa simu wa 3G huko Marekani, muda wa kati wa kungoja herufi kwa SSH ulikuwa milisekunde 503. Kwa mosh ulishuka chini ya 5. Nilipoona ile 503 nilicheka. Ni setilaiti yetu kabisa, huko huko Marekani.

Ina upungufu: inakuletea skrini ilivyo sasa tu, yaliyopita juu hayarudi. Kwa hiyo wengi tunaweka tmux ndani ya mosh, mmoja alinde njia, mwingine alinde chumba.

Usidhani mabishano yaliisha. Mwezi Mei 2016, systemd, programu inayosimamia mifumo mingi ya Linux, ilitoa toleo la 230 lililobadilisha mpangilio mmoja mdogo: mtu akitoka, kila alichoacha nyuma kiuawe. Screen, tmux, nohup, vyote vikawa ni takataka za kufagia. Hoja yao ilikuwa ya mwenye ploti, kwamba wapangaji huhama wakaacha vitu. Watu wakapiga kelele dunia nzima, na Debian miongoni mwa wengine wakaurudisha mpangilio ulivyokuwa. Miaka arobaini na kitu, na bado ni lile swali la taa moja.

Tarehe 12 Mei 2024, Jumapili, nilikuwa nyumbani kwa wazazi. Nilikuwa na kazi ya Frankfurt inayokimbia tangu Alhamisi, ndani ya tmux, ndani ya mosh, laptopu ikivuta intaneti ya simu. Asubuhi hiyo EASSy na SEACOM zilikatika zote mbili kule kaskazini mwa Durban, na kuanzia Tanzania hadi huku intaneti ikaanza kupumua kwa shida. Sikujua hayo bado. Nilichoona ni ule utepe wa bluu ambao mosh huuweka juu ya skrini, unaohesabu muda tangu isikie kutoka upande wa pili.

Baba alikuja na kikombe chake akasimama nyuma yangu. Miwani yake iko kwenye kamba shingoni. Akaivaa.

"Hiyo inahesabu nini?"

"Tangu wanyamaze kule, baba."

"Na ikifika ngapi inachomoa?"

"Haichomoi. Inangoja tu."

Akaitazama kwa muda. Kisha akavuta kiti, akakaa. Ilikuwa imefika 3:32.